Mechi Nne Hazitoshi Kufunga Hesabu

Maneno ya Kamati ya Fedha kwa wanachama waishio Dar es Salaam, katika mkutano wa mwaka wa kuchangia maendeleo ya nyumbani



Kamati ya Fedha imepewa dakika ishirini. Kwa kawaida tunazitumia kusoma mapato na matumizi, na taarifa hiyo mnayo, imechapwa mwanzoni mwa kijitabu. Leo tumeomba kuzungumzia jambo moja tu lililo mezani, kwa sababu litapigiwa kura kabla hatujala chakula.

Jambo lenyewe ni kifungu cha mabinti. Mkutano uliopita tulikubaliana kwamba kuanzia Januari tulipie hosteli na chakula cha wasichana kumi na wanne katika shule yetu ya sekondari, tumwage zege la uwanja wa mpira wa kikapu, tununue mipira, na tumpe posho mwalimu anayewafundisha. Hoja ilikuwa kwamba binti mwenye timu na kitanda shuleni haachi shule kirahisi. Sasa timu imecheza mechi nne na imefungwa tatu. Kwenye kundi letu la simu mwenzetu mmoja aliandika kwamba hela zetu zinachezewa mpira, na wengi walicheka. Baada ya kicheko likaja pendekezo: kifungu hicho kifutwe, na fedha zilizobaki zinunue turubai na viti vya kutumia kwenye misiba na sherehe.

Turubai na viti ni hitaji la kweli. Kila mmoja wetu amewahi kukodi, na anajua bei. Hatusimami hapa kuvipinga. Tunasimama kwa sababu hoja ya kufuta kifungu imejengwa juu ya mechi nne, na watu wa hesabu tuna wajibu wa kusema mechi nne zinaweza kutuambia nini na haziwezi kutuambia nini.

Tumetafuta mfano mahali ambapo mpira wa kikapu wa wasichana wanafunzi unachezwa kwa ukubwa na unahesabiwa kwa makini kuliko popote: vyuo vikuu vya Marekani. Baadhi ya ndugu zetu wanaotuma michango kutoka huko wanaufuata mchezo huo. Hata sisi wa huku si wageni kabisa. Chuo Kikuu cha Connecticut, wanachokiita UConn, ndicho alichochezea kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, kabla hajachaguliwa wa pili mwaka 2009 kuingia NBA na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Chuo hichohicho kina timu ya wanawake yenye sifa kubwa zaidi kuliko ya wanaume, chini ya kocha Geno Auriemma aliyeanza kazi pale mwaka 1985.

Msimu wao huanza mwanzoni mwa Novemba, wakati kwetu watu wanatazama angani kungoja senene. Humalizika mwanzoni mwa Aprili. Kila timu hucheza mechi zipatazo thelathini, kisha timu 68 huingia katika mashindano ya mtoano: ukifungwa mara moja, unarudi nyumbani. Kati ya Novemba na Aprili maneno huwa mengi. Kila wiki waandishi wa habari hupiga kura kupanga timu bora, na kila wiki mtu huitwa bingwa au huzikwa akiwa hai.

Tuchukue msimu wa 2024-25. UConn walianza vizuri, na Novemba 20 kocha wao akafikisha ushindi wa 1,217, akawa kocha wa vyuo mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia. Halafu Desemba 12 wakafungwa na Notre Dame, 79 kwa 68. Desemba 21 wakafungwa tena na USC ya Los Angeles, 72 kwa 70, safari hii katika mji wa Hartford, nyumbani kwao. Februari 6 wakafungwa na Tennessee, 80 kwa 76. Aliyekuwa anasoma matokeo peke yake alikuwa na haki ya kusema: hawa wanawapiga wanyonge, wakikutana na wakubwa wanalala.

Baada ya siku hiyo ya Februari 6 hawakufungwa tena. Siku kumi baadaye walikwenda South Carolina, mahali ambapo wenyeji walikuwa wameshinda mechi 71 mfululizo uwanjani kwao, wakashinda 87 kwa 58. Aprili 6, 2025, katika fainali kule Tampa, wakakutana na South Carolina haohao, wakashinda 82 kwa 59 na kuchukua ubingwa wao wa 12. Walimaliza na ushindi 37 na kufungwa 3. Notre Dame waliowapiga Desemba walikuwa wameshatolewa na TCU kabla ya hatua ya timu nane.

Ndugu zetu, hadithi hii haisemi kwamba kila anayefungwa mapema ataishia kuwa bingwa. Zipo timu nyingi zilizofungwa Desemba zikaendelea kufungwa hadi Machi, na hakuna anayezikumbuka. Ubaya wa waliowahukumu UConn mapema ulikuwa kusoma mstari wa mwisho wa ukurasa bila kusoma mistari iliyouzaa. Mhasibu akifanya hivyo hafai. Faida au hasara iliyoandikwa chini haina maana mpaka ujue imetoka wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kuihukumu timu mapema, wanaojua mchezo huu huuliza maswali manne.

Swali la kwanza: imecheza na nani, na wapi? Kufungwa na Notre Dame ugenini na kufungwa na timu dhaifu nyumbani yote huandikwa kufungwa, lakini hayana uzito mmoja. Ndiyo maana wanaopanga mashindano yale, tangu msimu wa 2020-21 kwa upande wa wanawake, hutumia kipimo kiitwacho NET ambacho huangalia nguvu ya mpinzani na mahali mechi ilipochezwa. Swali hili hukata pande zote mbili. Msimu wa 2022-23 timu ya LSU ilishinda mechi 23 za kwanza, na wengi wakasema wapinzani wao wa mwanzo walikuwa laini. Februari 12, 2023, South Carolina wakawapiga 88 kwa 64, na wenye mashaka wakasema: si mmeona? Mwezi wa Aprili LSU hao wakawafunga Iowa 102 kwa 85 wakachukua ubingwa. Wenye mashaka walikuwa sahihi kuhusu ratiba. Kosa lao lilikuwa kuchukua ushahidi mdogo na kutoa nao hukumu kubwa.

Swali la pili: nani hakuwepo? Katika ile mechi ya Notre Dame, UConn walimkosa Azzi Fudd aliyekuwa ameumia goti siku chache kabla. Huyu alikuwa amekaa nje karibu mwaka mzima kwa goti, akarudi Novemba, kisha akaumia tena. Katika fainali ya Aprili ndiye aliyefunga pointi 24, sawa na mwenzake wa mwaka wa kwanza Sarah Strong, aliyeongeza ribaundi 15. Timu ya Desemba na timu ya Aprili zilivaa jezi moja, lakini hazikuwa timu moja. Na tuwe waadilifu, kwa sababu jambo hili nalo hukata pande mbili: UConn waliporudiana na USC hatua ya timu nane na kushinda 78 kwa 64, nyota wa USC, JuJu Watkins, alikuwa ameumia goti. Anayewaondolea UConn lawama za Desemba awapunguzie na sifa za mechi hiyo.

Swali la tatu: pointi zinapatikanaje? Hapa ndipo watu wa hesabu tunapostarehe. Timu moja inaweza kufunga pointi 80 na nyingine 70, tukadhani ya kwanza ina ushambuliaji bora. Lakini kama ya kwanza ilipata zamu 90 za kushambulia na ya pili zamu 65, basi ya kwanza haifikishi hata pointi moja kwa zamu, na ya pili inazidi moja. Ni sawa na duka lenye mauzo makubwa na faida ndogo. Kwa sababu hiyo wachambuzi huhesabu pointi kwa kila zamu mia, kisha huangalia mambo manne: timu inalenga kwa usahihi gani, inapoteza mpira mara ngapi, inaokota ribaundi ngapi baada ya kukosa yenyewe, na inapata mitupo huru mingi kiasi gani.

Kati ya mambo hayo, yapo yanayotulia mapema na yapo yanayodanganya. Mtupo wa pointi tatu hudanganya sana. Tuseme msichana ametupa mara 20 katika mechi nne, zikaingia 9. Hiyo ni asilimia 45, watu watamwita bunduki. Mara 20 zinazofuata ziingie 5, hiyo ni asilimia 25, watu watasema amelogwa. Ukijumlisha unapata 14 kwa 40, asilimia 35, na huenda ndivyo alivyokuwa siku zote. Hakubadilika yeye, ila sisi tulikuwa tunamhesabu kwa kijiko. Kupoteza mpira na kugombea ribaundi ni tofauti kidogo, kwa kuwa hayo hutokana zaidi na mazoezi, nguvu na umakini, na hayategemei sana bahati ya siku moja. Ukitaka kujua mapema kama kocha anafanya kazi, anza huko.

Swali la nne: timu ina umri gani? Umri tunaosema hapa ni muda ambao wamecheza pamoja, si miaka ya wachezaji. Novemba 2023 South Carolina walianza msimu wakiwa wamepoteza wachezaji wote watano wa kuanza. Waliopiga kura hawakuwaweka hata kwenye tano bora. Mechi yao ya kwanza ilichezwa Paris, wakawafunga Notre Dame 100 kwa 71. Hapo dalili ya mapema ilikuwa ya kweli: walimaliza na ushindi 38 bila kufungwa, wakachukua ubingwa Aprili 2024. Siku hiyohiyo ya Novemba, LSU waliokuwa mabingwa na waliopangwa namba moja, wakiwa wameongeza wachezaji wenye majina makubwa, walifungwa na Colorado 92 kwa 78. Walijirekebisha wakafika timu nane bora, ila ubingwa hawakuutetea. Kwa hiyo hatusemi kwamba mechi za mwanzo ni bure. Zinasema kitu, mradi usizilazimishe kusema zaidi ya zinachojua.

Sasa turudi nyumbani, tuwaulize mabinti zetu maswali hayohayo.

Wamecheza na nani, na wapi? Mechi ya kwanza walikwenda ugenini, kwenye shule yenye uwanja wa zege wa miaka mingi, wakafungwa kwa tofauti ya pointi 31. Ya pili, ugenini tena, wakafungwa kwa 17. Ya tatu walicheza na shule iliyoanza timu mwaka huu kama sisi, wakashinda. Ya nne wakarudiana na wale wa mechi ya kwanza, wakafungwa kwa 12. Kutoka 31 hadi 12 ni hatua, lakini hatutaki kuwapamba: mechi ya nne ilichezwa uwanjani kwetu, na sehemu ya nafuu hiyo ni kucheza nyumbani. Kiasi gani, mechi mbili haziwezi kutuambia.

Nani hakuwepo? Wasichana wawili warefu kuliko wenzao hawakucheza mechi ya pili. Mmoja alikuwa na malaria, mwingine alikwenda kumzika bibi yake.

Pointi zinapatikanaje? Mwalimu wao ana daftari la mraba ambalo, kwa kweli, limepangwa vizuri kuliko vitabu vya hesabu vya vikundi vingi tulivyokagua. Mechi ya kwanza walipoteza mpira mara 41. Mechi ya nne, mbele ya wapinzani walewale, mara 26. Hiyo ndiyo namba iliyotutia moyo, kwa sababu inatokana na mazoezi. Namba iliyotusikitisha ni mitupo huru: katika mechi ya nne walipata 18, zikaingia 3. Hapo hakuna wa kumlaumu nje. Mtupo huru hauna mpinzani, ni wewe na kikapu. Tumemwandikia mwalimu, naye amejibu kwamba kila jioni sasa hawaondoki uwanjani kabla kila mmoja hajatupa hamsini.

Na timu ina umri gani? Wasichana tisa kati ya kumi na wanne hawakuwa wamewahi kushika mpira wa kikapu kabla ya Januari.

Liko pia swali la tano, ambalo Wamarekani hawana haja ya kuuliza kama sisi. Hawa wasichana wangekuwa wapi bila kifungu hiki? Wazazi mnajua. Kutoka vijiji vya mbali hadi shuleni ni mwendo wa saa mbili na zaidi, na wasioweza kutembea hupanga chumba mtaani, wanapika wenyewe na kujilinda wenyewe. Yaliyowapata baadhi ya mabinti katika vyumba hivyo hatuna haja ya kuyasimulia mbele ya wazee. Tangu Januari, kati ya wasichana kumi na wanne, wote kumi na wanne bado wako darasani. Matokeo ya mechi yanatangazwa kwenye simu siku hiyohiyo. Jambo hili halikutangazwa na mtu, kwa kuwa kitanda chenye mtu ndani hakina kelele.

Tukipiga kura leo kufuta kifungu, uwanja utabaki, zege haliondoki. Kitakachoondoka ni hosteli na chakula kuanzia muhula ujao. Tunawaomba mpigie kura jambo hilo mkijua kwamba ndilo mnalolipigia, si mechi tatu.

Wapo wanaosema Kamati inataka kifungu kisipimwe kamwe. Hapana. Mkulima wa kahawa hahesabu magunia kwa kutazama maua, lakini pia hakai hadi mwaka wa kumi akiusifu mbuni usiozaa. Tunapendekeza siku ya kupima iandikwe leo katika muhtasari. Mashindano ya UMISSETA hufanyika katikati ya mwaka. Yakimalizika, na mitihani ya muhula ikisahihishwa, Kamati italeta taarifa mkutano wa Septemba yenye mambo manne: wasichana wangapi bado wako shuleni, wastani wao darasani ukilinganishwa na wa mwaka jana, timu inapoteza mpira mara ngapi kwa mechi na inaingiza mitupo huru mingapi, na kila shilingi ilikwenda wapi, pamoja na risiti. Ushindi na kufungwa tutaviandika pia, chini kabisa, mahali pake.

Kama Septemba wasichana wanne au zaidi wameacha shule, au kama daftari la mwalimu halioneshi nafuu yoyote, Kamati yenyewe italeta hoja ya kufunga kifungu. Hamtalazimika kutusukuma. Kipimo kinachotangazwa kabla ya matokeo ni cha haki kwa anayechangia na kwa anayechangiwa. Kipimo kinachotafutwa baada ya kufungwa ni hasira tu.

Kuhusu turubai na viti, tumefanya hesabu. Bakaa ya mfuko wa misiba ya mwaka uliopita inatosha kununua turubai moja na viti hamsini sasa hivi, bila kugusa kifungu cha mabinti. Turubai la pili tunaliombea ahadi zenu leo. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Ina visanduku viwili, mabinti na turubai, nawe weka alama panapokugusa. Anayeweka alama kote kuwili hatumkatazi. Walioko nje wanaweza kutuma kupitia akaunti ya chama iliyochapwa juu ya fomu hiyo, na kila atakayetuma atapata risiti kwa jina lake.

Ombi la mwisho. Mechi ya tano itachezwa Jumamosi ya wiki ijayo, ugenini. Huenda wakafungwa tena. Kama una ndugu nyumbani karibu na hapo, mpigie aende kuwatazama, na badala ya kukutumia matokeo peke yake, akuambie walipoteza mpira mara ngapi, na kama yule mrefu aliyepona malaria alicheza. Hapo utakuwa umetoa maoni ya mtu aliyesoma hesabu zote, na Kamati ya Fedha itakusikiliza kwa heshima hata kama hatukubaliani.

Mwenyekiti, tunarudisha kikao kwako kwa ajili ya kura.